Sindano ya miezi miwili kwa sisi tunaomeza dawa za HIV, nani anajua ukweli wake?

Nyota_Pipeline

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisome mpaka mwisho juu hii maneno sina mtu naweza kuuliza ana kwa ana. Niko kwa dawa miaka kadhaa sasa, hii TLD ya kidonge kimoja kwa siku, na kila wakinipima kiwango cha virusi nakuwa LDL, yaani virusi ni vichache mpaka mashine haivioni, mwili uko sawa, uzito ulirudi, kazi nafanya. Napaki bidhaa kwa godauni moja Industrial Area, na nyumba ni bedsita hapa Pipeline, tunaishi wasichana watatu tunachangia kodi, na hao wenzangu hawajui hali yangu na sitaki wajue, angalau si saa hii.

Dawa hainisumbui mwilini. Chenye kinanimaliza ni kujificha kila siku ya Mungu. Mkebe wa vidonge 90 ukiugusa tu unalia chaka chaka na chumba ni kimoja, kwa hivyo nilibandua karatasi yote ya nje, nikashindilia pamba juu ya vidonge mpaka vikanyamaza, nikauvalisha soksi nikauweka chini kabisa ya begi ya nguo. Ikifika saa tatu usiku simu inatetemeka chini ya mto, nachukua kikombe cha maji eti naenda choo, na choo ni ya ploti kuna watu wamepanga laini, basi nasimama kwa ngazi gizani nameza hapo nikisikiliza kama kuna mtu anapanda. Tukialikwa matanga ama harusi ya kulala huko natafuta kisingizio. Kuna mkaka tunaongea, mtu wa maana kabisa, na kila akisema nikae mpaka usiku naanza kuhesabu masaa.

Juzi kwa habari nikaona kuna sindano ya HIV ya mara mbili kwa mwaka, halafu dada mmoja kwa foleni ya kliniki akaniambia hapana, ni ya miezi miwili. Mwenye anajua aniambie, hii kitu iko Kenya? Ukidungwa unaacha vidonge kabisa ama ni ya kuongezea? Na kuna watu hawafai kudungwa? Sitaki kupewa moyo tu, nataka kujua.

Nesi_Mashinani

Dada pole kwa hayo unapitia, na asante kwa kuuliza wazi. Mimi ni nesi, nimefanya CCC, yaani kliniki ya HIV, hapa Nairobi muda mrefu na hili swali naulizwa sana, na karibu kila anayeuliza amechanganya sindano mbili tofauti kabisa.

Ile ya mara mbili kwa mwaka ni lenacapavir. Hiyo ilitangazwa sana juu ya kukinga, yaani PrEP, inadungwa mtu ambaye HANA virusi ili asiambukizwe. Ilijaribiwa Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake wadogo, zaidi ya 2,100 walipewa sindano na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, matokeo yakatoka 2024 na kila mtu akasimama kupiga makofi, na ni haki yao. Kenya iko kwa orodha ya nchi za kwanza zilizochaguliwa kuipata. Kwa matibabu lenacapavir hutumika pia, lakini ni kwa wale ambao virusi vyao vimekuwa sugu kwa dawa nyingi, na lazima iende pamoja na dawa zingine. Mtu mwenye virusi akidungwa hiyo peke yake aache vidonge, virusi vitajifunza kuikwepa. Nasema hivi kwa herufi kubwa kichwani mwangu juu naogopa mtu atauziwa kitu uchochoroni.

Ya miezi miwili ndiyo unaulizia. Hiyo ni dawa mbili, cabotegravir na rilpivirine, unadungwa zote siku moja, moja kila upande wa makalio. Unaanza na mbili za kufuatana mwezi kwa mwezi halafu inakuwa kila baada ya miezi miwili, na vidonge unaacha kabisa, ndiyo matibabu yenyewe. Marekani waliidhinisha Januari 2021 ikiwa ya kila mwezi, mwaka uliofuata wakaruhusu ya miezi miwili. Julai 2025 kwenye mkutano wa Kigali WHO ikapendekeza kwamba mtu mzima ama kijana ambaye vidonge vimeshashusha virusi vyake, na hana hepatitisi B (ile ya ini), anaweza kuhamishiwa sindano. Kwa hivyo hiyo LDL yako ndiyo tiketi, usiichezee hata kidogo ukingoja sindano.

Kuhusu kupatikana, kituo chetu hatujaletewa, dawa tunayotoa kila siku ni vidonge. Wakenya waliodungwa ninaowajua mimi walikuwa kwa utafiti.

Wasiofaa wapo. Wa kwanza ni mwenye hepatitisi B, na hapa wengi hawajui kwamba ndani ya TLD kuna tenofovir na lamivudine ambazo zinashika HIV na zinashika pia hiyo hepatitisi, sasa ukiziacha uende sindano, ini linaweza kushtuka vibaya. Wa pili ni mtu aliye kwa dawa za TB zenye rifampicin, juu inashusha nguvu ya sindano, na hata zile za kukinga TB za mara moja kwa wiki haziendi pamoja nayo. Wa tatu ni mwenye virusi vyake vilishakuwa sugu kwa familia ya rilpivirine, ambayo ni familia moja na nevirapine na efavirenz za zamani.

Baraka_Kayole

Mimi ni mmoja wa hao wa utafiti, sitataja kituo. Nesi ameongea yote ya kitaalamu, wacha nikuambie venye inakaa kwa mwili.

Unafika, unapimwa presha na uzito, mojawapo ya hizo dawa inatoka kwa friji kwa hivyo mnangoja kidogo itoke ule ubaridi, unalala kifudifudi, wanadunga pole pole juu ni dawa nyingi na nzito, kama mililita tatu kila upande. Wakati wa kudungwa si mbaya. Usiku ndiyo inaanza kuuma, kesho yake kuna uvimbe unausikia ukigusa, na ukikaa kwa matatu kwa kile kiti cha mwisho kila shimo la Jogoo Road unalijua kwa jina. Siku mbili tatu imeisha. Sindano za mwanzo ndizo ziliniuma zaidi, za baadaye hata sikuwa nachukua Panadol.

Sasa kwa kichwa. Mimi huwa naendesha lori, kuna safari ya Malaba na nyingine Kampala, na zamani mkebe ulikuwa unakaa chini ya kiti na nilikuwa nahakikisha turnboi amelala ndiyo nimeze. Nikiwa kwa sindano nililala kwa lori nikiwa mtu huru. Nilikuwa namaliza wiki nzima sijafikiria HIV hata mara moja, na hiyo dada kwangu ni kitu kikubwa sana, sijui nitakuelezaje, juu kidonge hata kama hakikudhuru kila siku kinakukumbusha. Mke wangu alisema hata sauti yangu ilibadilika nikiongea jioni.

Lakini tarehe ni tarehe. Unapewa siku yako na una kama wiki moja kabla ama wiki moja baada ya hiyo siku, ukijua utakuwa safarini unawaambia mapema wakupatie vidonge vya kushikilia. Hapo hakuna mchezo, na walituambia mbona. Dawa ikianza kupungua mwilini haiishi siku moja, inabaki kidogo kidogo hata mwaka mzima na zaidi, na kiasi kidogo kisichoweza kuua virusi ndicho kinavifundisha usugu. Na cabotegravir ni familia moja na dolutegravir iliyo kwa TLD, kwa hivyo ukiharibu hiyo unaweza kujiharibia mpaka kidonge chako cha kurudia. Ni wachache sana yanawapata, lakini yapo hata kwa waliodungwa kwa wakati.

Otis_Kangemi

Naheshimu maoni ya wote lakini wacha niseme upande ambao sijaona mtu akisema. Mimi ni mtu wa kibarua, siku nikikosa kufika mjengo siku hiyo sina pesa. Saa hii nikiwa sawa kwa vipimo napewa dawa ya miezi sita, yaani kliniki naenda mara mbili kwa mwaka. Sindano ni mara sita kwa mwaka. Hiyo ni nauli mara sita, kibarua mara sita kimeenda, kumdanganya fomani mara sita. Sasa nani anaficha zaidi hapo?

Na kliniki zenyewe si zile za zamani. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025 mambo yameyumba, huku kwetu CCC ilikuwa na mlango wake na washauri wake, watu wanakujua kwa jina, sasa tumechanganywa na wagonjwa wote wa kawaida, mshauri wetu aliachishwa kazi, unakaa benchi moja na jirani wa ploti na faili yako inajulikana kwa rangi. Sikatai kuchanganywa kama ingefanywa vizuri pengine ingepunguza unyanyapaa, lakini imefanywa kwa haraka na watu wameumia. Nimeona wawili wameacha kuja kabisa. Kabla tuongee sindano ya friji tuulize friji itakuwa na stima, na nesi wa kuidunga atakuwa ameajiriwa na nani.

Sisemi sindano ni mbaya. Nasema mtu wa Pipeline na mtu wa Lavington kwa matajiri hawataiona sawa.

Baraka_Kayole

Otis hapo kwa safari uko sawa kabisa, kwa utafiti tulikuwa tunarudishiwa nauli na hiyo si kawaida ya kliniki. Ningekuwa najilipia ningefikiria.

Mama_Deno

Mimi nauliza kwa niaba ya kijana wangu, ni wa dada yangu aliyeaga lakini ni wangu. Alizaliwa nayo. Yuko kidato cha pili bweni, alikuwa LDL tangu primari na tangu aende bweni vipimo vimepanda. Nilienda kumuona siku ya wazazi nikamuuliza pole pole, akaniambia mum, vijana wanafungua masanduku ya wenzao, na kwenda kwa metroni kila jioni ni kama kuandikwa kwa ubao. Akaniambia afadhali awe mgonjwa kuliko wajue. Miaka kumi na sita anasema hivyo. Nilirudi nyumbani na gari la Naivasha nikilia bila kujali nani ananiangalia.

Hii sindano inaruhusiwa kwa watoto? Na kwa mwenye vipimo vimeshapanda kama yeye?

Nesi_Mashinani

Mum shikilia hapo hapo. Umri si tatizo, dawa yenyewe imeidhinishwa Marekani kuanzia miaka 12 akiwa na kilo 35 kwenda juu, na kuna utafiti unaitwa LATA umefanywa Kenya, Uganda, Afrika Kusini na Zimbabwe kwa vijana wa rika la Deno haswa, juu watafiti waliona hicho unachokieleza. Na kuna mwingine, IMPALA, wa Kenya, Uganda na Afrika Kusini, uliochukua watu 540 ambao walikuwa wamewahi kusumbuka na dawa, wakaruka siku, virusi vikapanda. Waliwashusha kwanza kwa vidonge halafu ndio wakawahamisha, na waliodungwa hawakufanya vibaya kuliko waliobaki kwa vidonge. Hiyo inanipa matumaini makubwa kwa vijana wetu.

Kwa hivyo Deno kwanza ashuke. Usingoje likizo, nenda kliniki yake wiki hii uwaambie vipimo vimepanda na sababu ni bweni, wana vipindi vya ushauri wa kumeza dawa na watampima tena, na kama ni usugu watajua. Kwa TLD wengi wa rika lake wanashuka tena vizuri wakianza kumeza bila kuruka, hiyo dawa ni ngumu kuishinda. Na metroni anaweza kumpa asubuhi kama mtu wa pumu ama wa vidonda vya tumbo, si lazima jioni mbele ya bweni zima. Ongea na metroni peke yake, ana kwa ana, si kwa simu na si kupitia mwalimu wa zamu.

Mzee_Dandora

Watoto wangu nimesoma yote. Mimi nilianza dawa kabla serikali itangaze ni za bure mwaka wa 2006, wakati huo ulikuwa unauza shamba ndiyo umeze. Ilikuwa asubuhi na jioni, na ile dawa ya d4T ilinila mashavu mpaka watu wakajua bila mimi kusema, na miguu ikawa inawaka usiku kama nimekanyaga makaa, mpaka leo vidole vya mguu havina hisia. Wenzangu wengi wa kikundi chetu hawapo.

Kwa hivyo nikisikia kidonge kimoja mimi namshukuru Mungu. Lakini Nyota sikuambii ushukuru unyamaze. Sisi tulipigania kuwa hai, nyinyi piganieni kuishi vizuri, ni haki yenu na mtu asikuambie unalalamika bure. Tuliambiwa hivyo hivyo tulipoomba d4T iondolewe.

Swali kwa nesi, mimi nilimeza nevirapine miaka mingi. Sindano imenipita?

Nesi_Mashinani

Shikamoo mzee. Haijakupita moja kwa moja. Ule utafiti wa kwanza mkubwa wa huku kwetu, CARES, watu 512 wa Uganda, Kenya na Afrika Kusini, ulikuwa na wengi waliowahi kumeza nevirapine na efavirenz kama wewe, na baada ya mwaka mmoja karibu asilimia 97 walikuwa bado wameshusha virusi, sawa na wa vidonge. Tena walikuwa wanapimwa kila baada ya wiki 24 tu, kama tunavyofanya kliniki za kawaida, si kila mwezi kama huko ng'ambo. Lakini mtu mwenye historia ndefu kama yako ningetaka daktari aipitie faili yote kwanza, na kwa miaka yako na sukari ama presha kama unayo, waangalie na dawa hizo zingine.

Na Otis, umenigusa. Hata mimi nimefanya kazi bila mshahara miezi ile. Kwa bei, Julai 2025 kampuni ya ViiV iliongeza matibabu kwa leseni ya cabotegravir inayoruhusu viwanda vingine vitengeneze kwa ajili ya nchi kama zetu, hiyo ndiyo njia ile ile iliyoteremsha bei ya TLD. Kliniki yenye friji inayoshika baridi na nesi mwenye muda, hilo ni la serikali na kaunti, na tuliulize kwa sauti.

Nyota_Pipeline

Nimesoma nikirudia. Mzee, Mungu akuweke. Baraka hapo kwa wiki nzima bila kufikiria nilifunga simu kidogo.

Nimeelewa sindano bado si ya kesho. Otis pia nimekusikia, mimi na siku mbili za kliniki kwa mwaka tayari supavaiza ananiangalia vibaya. Sasa niambieni kwa huu wakati wa kungoja nifanye nini na hii saa tatu usiku, juu hiyo ndiyo inanichosha.

Nesi_Mashinani

Kwani nani alikuambia lazima iwe saa tatu usiku?

Nauliza kwa upole kabisa dada, juu nakutana na hili kila wiki. Zamani dawa ya kidonge kimoja ilikuwa na efavirenz ndani, na hiyo ilikuwa inaleta kizunguzungu na ndoto mbaya, ndiyo tukawaambia watu wote wameze wakienda kulala. TLD haina hiyo shida. Unaweza kumeza asubuhi, mchana, umekula ama hujala, bora iwe saa ile ile kila siku. Ukitoka nyumbani saa kumi na moja unusu kwenda godauni, meza ukiwa njiani na chupa yako ya maji, hakuna mtu anauliza mtu anayekunywa maji stejini. Siku ya kliniki mwambie anayekuhudumia akupangie siku ya kuhama. Kama unatumia vidonge vya madini ya chuma ama kalsiamu, ama dawa ya kiungulia, mwambie pia, juu TLD inafaa imezwe masaa mawili kabla ya hizo ama masaa sita baada.

Na si lazima utembee na mkebe. Toa vya wiki moja uweke kwa kichupa kidogo kikavu kinachofunga vizuri, vingine vibaki kwa mkebe wake na kile kifuko cha kukausha unyevu, usikitupe, na pamba uitoe juu inashika unyevu wa chumba, weka kitambaa kwa nje kama ni kelele.

Siku hiyo hiyo waombe wakupime hepatitisi B kama hawajawahi, na majibu yaandikwe kwa faili. Sindano ikifika wewe uwe tayari umepimwa.

Huyo mkaka ni uamuzi wako umwambie lini, hakuna anayeweza kukulazimisha. Ila jua hili kwa uhakika, mtu anayemeza dawa vizuri na yuko LDL haambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Limefuatiliwa kwa miaka kwa wapenzi ambao mmoja anayo na mwingine hana, na maambukizi kutoka kwa mwenye virusi vilivyoshuka yalikuwa sufuri.

Nyota_Pipeline

Asubuhi?? Miaka yote hii hakuna mtu aliniambia naweza kumeza asubuhi. Kliniki ni Jumanne ijayo, nitauliza hayo yote na ya hepatitisi.

Mama_Deno

Mimi naenda kesho na barua ya shule mkononi. Nesi, hao wa LATA nawauliza kliniki yetu ama kuna mahali pengine?

Nesi_Mashinani

Anza na kliniki yenu mum, daktari wa watoto wa CCC. Muulize kama kuna utafiti wa vijana unaosajili kwa sasa, na kama haupo, aandike kwa faili ya Deno kwamba mnataka sindano ikianza kutolewa. Nenda na mkebe wake wa sasa wahesabu vilivyobaki, na umwambie Deno kabla uende, asijue kwa wengine.